Ombasha na Asali ya Sekei

Asubuhi ombasha Abdulrahim aliporudisha bunduki ya watu, wake za askari walitoka vibandani wakasimama nje ya ukuta wa boma, wengine na unga mikononi, wapate kuona mwanamume mzima akilia. Hakulia. Wakarudi jikoni wamekasirika kidogo.

Alikuwa ametumika jeshini miaka kumi na minne, na kwa miaka hiyo yote alipata cheo kimoja tu, hicho cha ombasha, cha kuongoza askari wachache na kukemewa na wengi. Akavua kofia, akafungua mkanda, akaviweka juu ya meza ya ghala. Mzungu wa ghala akavipindua huku na huku, kana kwamba jasho la miaka kumi na minne hukauka kwa kupinduliwa.

Sababu ya kustaafu ilikuwa kichwani mwake. Siku tatu nyuma, daktari wa jeshi alimkalisha kwenye kiti, akammulika jicho kwa kioo kidogo, kisha akanyamaza. Daktari yule alikuwa mtu wa kufoka, kwa hiyo kunyamaza kwake peke yake kulikuwa habari mbaya.

"Una uvimbe ndani ya kichwa," alisema mwishowe. "Umeota kwenye ubongo. Ndio unaokuumiza asubuhi. Ndio unaokutapisha. Ndio uliokuangusha kwenye gwaride."

"Mkubwa kiasi gani, bwana daktari?"

"Labda kama yai la njiwa."

"Njiwa wa hapa au wa Ulaya?"

Daktari hakucheka. "Mimi siwezi kuutoa. Pwani nako hawawezi, lakini huko kuna kitanda, na dawa ya kutuliza maumivu. Miezi sita. Labda mwaka. Ijumaa msafara unakwenda Moshi, na kutoka Moshi utapanda garimoshi. Ni amri."

Basi leo ilikuwa Ijumaa. Rafiki yake Abasi, askari mwenzake aliyepangwa kuusindikiza msafara, alimkuta langoni amevaa kanzu safi na amejipaka mafuta mpaka shingoni.

"Tarumbeta ya kwanza ni ya kujipanga, ya pili ni ya kuondoka," Abasi alisema. "Unakwenda wapi?"

"Nina neno kule Sekei."

"Neno, au Nanyori?"

"Nakwenda kuvunja uchumba."

Abasi akamnusa. "Tangu lini mtu akavunja uchumba ananukia hivi?"

 Abdulrahim akashika njia ya kupanda.

Nanyori, binti Lekishon, alikuwa amesimama ndani ya mfereji, matope yamemfika magotini, akifungua maji kwa jembe yaingie kwenye migomba ya baba yake. Siku hiyo ilikuwa zamu yao ya maji. Kwenye miteremko ya Meru mtu anaweza kukopa jembe, anaweza hata kukopa mtoto wa kumchungia, lakini zamu ya maji haikopwi. Jua likifika utosini, maji huhamia shamba la jirani, na jirani huwa ameshasimama mpakani anakohoa.

Abdulrahim akamtazama kabla hajaita. Kwa miezi sasa dunia ya upande wake wa kushoto ilikuwa imefutika. Akimtazama mtu pua, shavu moja halipo. Mwanamume mwingine angemwona Nanyori kwa macho tu, lakini Abdulrahim alimwona kwa shingo: ageuze kidogo, ageuze tena, mpaka ampate mzima, na lile tabasamu la upande alilokuwa nalo hata akiwa amenuna. Aligeuza shingo. Hakuharakisha.

"Umekuja bila kofia," Nanyori akasema bila kuinua uso. "Kumbe una kichwa kirefu."

"Nanyori, nina maneno mazito."

"Sema huku nafanya kazi. Maji hayana adabu ya kungoja."

Wao wawili walizungumza Kiswahili kilichotiwa Kimaa, kila mmoja akiivunja lugha ya mwenzake, na kwa miaka miwili hawakuwahi kukosa kuelewana. Abdulrahim akakohoa. Alikuwa ameupanga uongo wake njia nzima.

"Nina mke Tabora."

Jembe halikusimama. "Mzuri?"

"Mzuri."

"Anaitwa nani?"

Mtu huyu alishasimama mbele ya risasi, lakini hakuwa amejiandaa na jina. "Anaitwa... Chiku."

"Chiku ni dada yako aliyekulea. Uliniambia mwenyewe, ukalia, ukasema ni moshi." Sasa jembe likasimama. "Umenitafutia uongo hata hukuuosha. Haya, toa ukweli."

Akautoa. Alisimama ukingoni mwa mfereji akautoa wote: kioo cha daktari, yai la njiwa, kitanda cha Pwani, miezi sita. Alipomaliza, alingoja kilio. Nanyori alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikia bei ya kitu alichokwisha kukinunua.

"Hayo tu?"

"Hayo tu! Nanyori, nakufa."

"Najua kuna kitu kinakula kushoto kwako. Nimekijua kabla ya huyo daktari na kioo chake. Tangu mvua za vuli ukija kula ndizi ninazouza pale langoni mwa boma, unamaliza nusu ya bakuli ya kulia, nusu ya kushoto unaiacha, halafu unaniambia bado una njaa. Unadhani ni nani aliyekuwa anakugeuzia bakuli?"

Abdulrahim akageuza shingo kumtazama. "Nilidhani unaniongezea."

"Nikuongezee! Ndizi za papa zile, za baba yangu, si za Kaizari."

 Mtu alikuwa akimgeuzia bakuli, siku baada ya siku, bila kusema neno, bila kumwaibisha mbele ya askari wenzake. Katika miaka yake yote ya kupigiwa kelele hakuwahi kupendwa kimyakimya namna hiyo.

"Ndiyo maana lazima niende," akasema. "Mchumba wako wa kwanza aliangukiwa na mti. Watu wanakuita mkosi. Nikifa mimi mikononi mwako watasemaje?"

"Watasema wanachosema sasa, ila kwa sauti zaidi." Akapanda ukingo, akasimama karibu naye, upande wa kulia anakoonekana. "Yule maskini alikufa hajaonja hata uji wangu. Wewe angalau utakufa umeshiba."

"Nanyori!"

"Nini? Akisema daktari ni elimu, nikisema mimi ni tusi?" Sauti yake ikapungua. "Nijibu jambo moja. Unataka kwenda?"

"Amri imetoka."

"Sikuuliza habari za amri."

Abdulrahim akatazama chini, kwenye maji. "Nakwenda kuonana na baba yako. Nilikuja kwake kwa heshima, nitaondoka kwa heshima."

Alidhani Nanyori atamshika mkono. Nanyori akarudi mferejini kana kwamba hakusikia. "Nenda. Nikimaliza maji nitakuja kuwasikiliza mnavyoheshimiana."

Mzee Lekishon alimpokea uani, kwenye kigoda chake. Mkewe Ndeshi alikuwa akimenya ndizi. Mama yake Lekishon, bibi Nkasiogi, alikuwa ameketi juani kwenye ngozi, macho yamefumba, masikio wazi. Meno yake yalikuwa matatu na hakuna hata moja lililokaa jirani na mwenzake.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Shikamoo, koko," akamalizia kwa bibi, kwa Kimaa.

"Huyu leo ananukia," bibi akasema, macho bado yamefumba. "Amekuja kuoa au kuzikwa?"

Abdulrahim akakaa chini, akasema yote. Mara ya pili maneno yalikuwa mepesi kidogo, na hilo likamtisha. "Kwa hiyo, mzee, nimekuja kuwarudishia neno lenu. Asali yangu ya uchumba ihesabiwe haikuletwa."

Lekishon akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo akaona haya kwamba amefurahi. Hakuwahi kumpenda mkwe askari, tena wa mbali, tena anayenawa miguu mara tano kwa siku na maji ya watu. Alikubali kwa sababu binti alikuwa amepita umri wa kuolewa bila mume.

"Umekuja kiume," akasema. "Mwingine angenyamaza apewe binti, sisi tubaki na kaburi. Sina ugomvi nawe, ombasha. Lakini asali ya uchumba ina njia yake ya kurudi."

Njia hiyo ilikuwa ya ukoo wao tangu babu. Asali anayoleta mchumba huliwa na wanawake wa nyumba, wanaume hawaigusi. Ikishaliwa, hakuna mwanamume awezaye kuuvunja uchumba, hata angekuwa na ng'ombe mia. Kila mwanamke aliyeionja lazima aseme kwa kinywa chake, "Nimeitema," kisha ateme mate chini. Akibaki mmoja ambaye hajatema, uchumba uko palepale. Bibi harusi mwenyewe hahesabiwi, maana kwake ni mwiko kuonja asali yake. Wanasema mchumba akiionja atakuwa mlafi kwa mumewe.

"Mama Nanyori," Lekishon akaita.

Ndeshi akaweka kisu. Alimtazama Abdulrahim muda, na macho yake hayakuwa ya uadui. "Wewe ni mtu mwema. Ningekuwa na binti asiyezika ningekupa. Huyu wangu alishazika mchumba mmoja, nikamwona amekaa miezi mitatu bila kujipaka mafuta. Sitaki nimwone tena." Akainama. "Nimeitema." Akatema, akajifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, na sasa akawa analia kwa sababu mbili.

"Na wewe, mama."

Bibi Nkasiogi akafumbua jicho moja. "Niteme nini? Asali ile nilishaitoa kwa njia asali hutokea, nikaifukia nyuma ya migomba."

"Mama! Mbele ya mgeni!"

"Si wewe uliyeuliza?" Akamtazama Abdulrahim, akasikitika. "Ilikuwa asali nzuri, ya nyuki wadogo. Lakini mimi ni kizee, nakula kwenye chungu cha mwanangu, siwezi kumpinga mbele ya watu. Haya. Nimeitema." Akatema mate kidogo sana, kama anayeyaonea huruma.

"Basi imekwisha," Lekishon akasema, akainuka.

"Bado mmoja."

Nanyori alikuwa amesimama penye ua, matope yamemkaukia miguuni kama soksi za Wazungu.

"Mmoja yupi?" Baba akahesabu vichwa. "Mama yako ametema. Koko ametema."

"Mimi."

"Wewe huhesabiwi. Hukuonja."

"Nilionja."

Ndizi ikamponyoka Ndeshi ikaanguka majivuni.

"Siku ng'ombe mwekundu alipozaa, nyote mkakimbilia zizini," Nanyori akasema. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu lakini hakuuinamisha. "Nilifungua kibuyu nikatia kidole. Kidole kimoja."

"Kimoja?" bibi akauliza.

"Viwili. Halafu nikarudia."

Bibi akapiga goti lake kofi. "Ndiyo maana kibuyu kilipungua! Mimi nilidhani ni mimi!"

"Ni mwiko!" Ndeshi akapaza sauti. "Nanyori, mchumba haonji asali yake!"

"Ni mwiko, yeyo," akamjibu mama yake, "na nimeuvunja, nitalipa kondoo kama wazee wakitaka. Lakini mlinifundisha tangu nikiwa mgongoni: kila mwanamke aliyeonja. Hamkusema kila mwanamke aliyeruhusiwa." Akamgeukia baba yake. "Sitemi, papa."

"Yaani ulafi sasa umekuwa sheria?" Lekishon alitetemeka ndevu. "Ombasha! Wewe ndiye uliyekuja kuvunja. Mwambie ateme!"

Abdulrahim akafungua kinywa. Na hapo, kutoka chini bomani, tarumbeta ikalia.

Aliinuka. Hakuamua kuinuka. Ni miguu iliyoinuka, visigino vikagongana, mikono ikanyooka ubavuni, kidevu juu, katikati ya maganda ya ndizi ya watu. Kwa miaka kumi na minne tarumbeta ilipolia ilijibiwa na miguu, kichwa kikapewa habari baadaye.

 Bibi naye alifumbua jicho la pili.

"Unaitwa," Lekishon akasema.

"Naitwa, mzee."

Nanyori hakumshika. Hakusema "baki." Aligeuza uso akatazama mlima, ambako wingu lilikuwa limekaa begani mwa Meru, kwa sababu alijua akimtazama itakuwa kama kumfunga kamba, na huyu alishafungwa vya kutosha. Mikono yake ilikuwa imekamata khanga mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Abdulrahim akaona vile vidole. Akaona na kitanda cha Pwani, ukuta uliopakwa chokaa, sahani ambayo nusu yake hakuna wa kuigeuza. Akashusha kidevu. Akatenganisha visigino, kimoja, kisha cha pili. Kisha yule ombasha mstaafu akakunja kanzu yake akakaa chini, na tarumbeta bado inalia.

"Mzee Lekishon," akasema, "nimekuja hapa na uongo wa pili. Daktari aliniamuru niende. Mimi nikajiamuru nije kuvunja. Lakini sijaulizwa nataka nini, toka nivae kofia yao sijaulizwa, wala sijajiuliza."

"Haya, nakuuliza. Unataka nini?"

"Sitaki kwenda." Sauti yake ilikuwa ya chini, kisha ikapanda. "Namtaka Nanyori. Kama ni miezi sita, naitaka yote sita, hapahapa, na siku zake za kutapika ndani yake. Hiki kidude kilichoota kichwani kimekula upande wangu wa kushoto, kimekula gwaride, kimekula usingizi wangu, nikanyamaza. Huyu hakimli. Kikija kumchukua, kinikute nimekaa mlangoni."

Bibi akanong'ona, "Ndiyo." Ndeshi akajifunika uso.

Lekishon hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akamgeukia binti. "Akiangukia moto?"

"Nitamtoa."

"Akipofuka kabisa?"

"Nitamwambia kila asubuhi mimi ni mzuri. Hatakuwa na namna ya kubisha."

"Na nani atawafungisha ndoa? Kwao na kwetu si kumoja."

"Mwalimu wetu wa mjini atakuja nikimwita," Abdulrahim akajibu. "Na wazee wako watafanya ya kwao. Sitakataa hata moja."

"Na akifa?" Lekishon aliuliza hilo polepole, akimtazama Nanyori peke yake. "Akifa, binti yangu?"

 Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa machozi kumfikia Nanyori, na hakuyafuta, aliyaacha yadondokee matope ya miguuni.

"Nitakuwa mjane. Sasa hivi mimi ni nani, papa? Wanawake wakienda kuteka maji wananipisha njia. Mimi ni mkosi. Mjane ni cheo. Mjane ana jina la mtu aliyemtaka, ana nyumba, ana mahali pa kuweka kilio chake. Mimi nilimlilia yule wa kwanza nyuma ya zizi, kwa sababu hakuwa wangu bado."

Ndeshi aliposikia nyuma ya zizi, akainua kichwa. Hakuwahi kuambiwa. Alitazama pale alipotema mate, halafu kwa unyayo wake, taratibu, akapasugua mpaka pakakauka. Mumewe akaona.

"Nyumba nzima imenigeuka," Lekishon akasema.

"Mimi sikugeuka," bibi akasema. "Mimi nilitema kidogo tu."

Tarumbeta ya pili ikalia. Mguu wa Abdulrahim ukashtuka chini ya kanzu. Akauwekea mkono, ukatulia. Kutoka kule chini walisikia sauti za wapagazi zikianza wimbo wa safari, zikishika barabara ya Moshi, zikipungua. 

"Akifa," Lekishon akasema mwishowe, kwa ukali wa mtu aliyebakiwa na ukali tu, "usije ukalia mlangoni kwangu."

"Nitalia mlangoni kwangu."

"Kwako wapi?"

"Chini ya mfereji, pale kwenye migomba mibovu. Nimeshapima kwa miguu. Hatua kumi na mbili kwa kumi."

"Umepima lini?"

"Wakati mnaheshimiana."

Lekishon akamtazama mama yake mzazi kama mtu anayetafuta wa kumlaumu. "Huyu amezaliwa na nani?"

"Na wewe," bibi akasema. "Nilikuwepo."

Mzee akaingia ndani. Wakasikia anavuruga vyombo, anaguna, anakipiga teke kitu kilichopiga kelele ya kuku. Akatoka na mashoka mawili. Akasimama mbele ya Abdulrahim, akimpima mabega, na mabega yalikuwa bado yapo.

"Jeshi lilikufundisha kujenga nyumba, au kubomoa tu?"

"Kubomoa tu, baba."

Neno hilo "baba" likakaa hapo uani, jipya, kila mtu akilizunguka.

"Basi shika hili," Lekishon akasema, akampa shoka, upande wa kulia. "Na usikate mti mpaka nikuonyeshe upi."